Jina la mama kwenye cheti: jinsi nyumba za wasichana wajawazito zilivyogeuka soko la watoto

Kwenye maombi ya cheti cha kuzaliwa kuna sehemu inayouliza jina la mama. Mi nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, natoa kopi, naprinti, napiga picha za paspoti, na kazi inayoniletea watu wengi kuliko zote ni kuwajazia maombi ya vyeti kwenye mfumo wa RITA, wale wakala wa serikali wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, hasa ule msimu wa mikopo ya chuo ambapo kila mtu anataka cheti chake kihakikiwe leo leo. Hilo jina la mama nimeliandika mara nyingi sana na nilikuwa naliandika kama naandika namba ya simu tu, mpaka siku alipoingia mama mmoja wa makamo ametoka Kibosho, mtoto mchanga kamfunga mgongoni kwa kitenge na shali juu, mkononi bahasha ya kaki imelainika kwa kushikwa.

Ndani ya bahasha kulikuwa na tangazo la kizazi na kadi ya kliniki. Tangazo la kizazi ni ile karatasi unayopewa ukijifungulia hospitali au kituo cha afya, ndo mzizi wa cheti chote. Jina la mama pale lilikuwa la binti wa miaka 17. Yule mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyo ni mdogo wangu, wa mwisho kwetu, bado anasoma. Mimi Mungu hajanijalia. We andika tu jina langu hapo, nani atajua?" Nikamwambia mama, hiyo siwezi, nenda kwanza Ustawi wa Jamii. Akaniona nina roho mbaya, akakusanya karatasi zake akatoka analia, na mtoto naye akaanza kulia, na mi siku nzima sikufanya kazi vizuri.

Sijamwita mwizi na simwiti hata leo. Ila lile swali lake la nani atajua lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kwamba hilo swali ndo lilikuwa msingi wa biashara kubwa kabisa ya watoto iliyoendeshwa miaka mingi kwenye nchi ambazo sisi huku tunaziona zimenyooka. Na kwa kuwa hizi habari zinapita mitandaoni vipande vipande, mara watoto 796 kwenye tangi la maji taka, mara masista waliuza watoto Marekani, watu wanachanganya kila kitu, ngoja niipange kwa jinsi ninavyoielewa.

Kwanza nyumba zenyewe. Sisemi wodi za uzazi, wala hizi nyumba zilizo jirani na hospitali ambako mama anayekaa mbali anakuja kusubiri siku zake za kujifungua, hizo ni msaada mtupu na zimeokoa wengi. Nasema nyumba walizopelekwa wasichana waliopata mimba bila ndoa ili wasionekane. Marekani walikuwa na msemo, kwamba binti kaenda kumtembelea shangazi yake, na nilipousoma nilishtuka maana ni maneno yetu hasa. Nani hapa Moshi hajawahi kusikia binti katoweka fomu three katikati ya muhula, ukiuliza unaambiwa yuko kwa shangazi Tanga? Tofauti ni kwamba kwao shangazi alikuwa taasisi, ina geti, ina vitanda arobaini, na binti akirudi anarudi mikono mitupu.

Ireland ndo iliyoandikwa kwa kina zaidi. Mwezi Januari 2021 tume ya serikali ilitoa ripoti yake kuhusu nyumba 18 za aina hiyo, wakahesabu wanawake kama 56,000 na watoto kama 57,000 waliopitia humo kati ya 1922 na 1998, na katika watoto hao karibu 9,000 walikufa. Yaani kwa kila watoto mia, kumi na tano hivi. Waziri mkuu Micheál Martin akasimama bungeni akaomba radhi. Nyumba nyingi ziliendeshwa na masista, ila msiishie kuwalaumu masista peke yao, kwa sababu hela ilitoka serikalini, halmashauri zilikuwa zinalipa kwa kichwa, na binti aliletwa getini na baba yake mzazi au paroko aliyeitwa na huyo baba. Jamii nzima ilishirikiana. Mwanamme aliyempa mimba hakuulizwa popote, na hilo nalo hatuna haja ya kulifafanuliana.

Mji wa Tuam ndo huo wa watoto 796. Nyumba ilifunguliwa 1925 ikafungwa 1961. Mama alijifungua, akakaa karibu mwaka mzima anafua na kusugua sakafu bila mshahara, halafu anaondoka na mtoto anabaki. Mwanamke mmoja mkazi wa huko, Catherine Corless, wala sio profesa wala nini, alikuwa anaandika historia ya mtaa wao tu, akaanza kununua vyeti vya vifo kimoja kimoja kwa hela yake, na akafika vyeti 796 vya watoto waliofia pale ambao makaburi yao hayaonekani. Mwaka 2017 tume ikathibitisha kwamba mabaki ya watoto yako chini ya ardhi kwenye vyumba vya zege vilivyounganika na mfumo wa zamani wa maji taka. Uchimbaji rasmi wa kuwatoa umeanza Julai 2025. Ndugu zao, ambao sa hivi ni wazee, wanatoa sampuli za DNA ili mifupa ipate majina.

Angalia kwamba aliyefichua ni mtu aliyesoma karatasi. Hapa ndo ninapotaka mnielewe, manake ukisikia wizi wa mtoto unawaza mtu na gunia usiku, kumbe sehemu kubwa ya hii historia ni kalamu na muhuri. Mtoto hawezi kuibwa akaibika kama karatasi zake ziko sawa, siku moja atauliza na majibu yatakuwepo. Ili wizi ukamilike lazima karatasi iseme uongo.

Karatasi hizo zilidanganya kwa njia tofauti. Njia ya kwanza ni kumsainisha mama. Binti ana miaka 18, hana pa kwenda, nyumbani wamesema asirudi na mtoto, anawekewa karatasi mbele anaambiwa saini. Philomena Lee alijifungua mtoto wa kiume mwaka 1952 kwenye nyumba ya Sean Ross huko Roscrea, akakaa naye miaka mitatu, kisha akasaini kwamba anamwachia na hatamtafuta kamwe, mtoto akapelekwa Marekani. Zaidi ya watoto 2,000 walisafirishwa hivyo kutoka Ireland kwenda Marekani. Yule mtoto akakua, akawa mwanasheria mkubwa Washington, akarudi pale Roscrea kumuulizia mama yake, wakamwambia hawajui alipo. Na mama yake naye alikuwa ameenda palepale kumuulizia mwanaye, asiambiwe kitu. Yule mtoto alikufa 1995, na kwa ombi lake mwenyewe akazikwa kwenye viwanja vya ile nyumba, nadhani akijua kwamba kama mama yake yupo basi ipo siku atafika pale. Na kweli alifika, akakuta jiwe la kaburi. Nikifika hapo huwa naacha kusoma kwa muda.

Saini kama ile kisheria ni saini, ila ridhaa siioni. Ndo maana England na Wales, ambako hakukuwa na magenge, kamati ya bunge mwaka 2022 ilisema watoto kama 185,000 wa wanawake wasioolewa waliasiliwa, yaani walipewa wazazi wengine kisheria, kati ya 1949 na 1976 na kwamba mama zao wengi walisukumwa. Australia nako, tarehe 21 Machi 2013 waziri mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi mama hao hadharani, na ushahidi uliotolewa huko ulikuwa mzito, kuna waliowekewa mto au shuka mbele ya macho wakiwa leba wasimuone mtoto anavyotoka. Hawa walifanyiwa hivyo hospitalini, mchana kweupe, na watu waliosomea kazi.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, kumwandika mtoto moja kwa moja kama kazaliwa na wengine. Kuasili hakupo, mahakama haipo, faili halipo, ni cheti tu kinasema huyu ndo aliyezaa. Mwaka 2018 serikali ya Ireland ilitangaza kwamba kwenye mafaili ya shirika moja la Dublin, St Patrick's Guild, wamekuta watu 126 walioandikishwa hivyo kati ya 1946 na 1969. Watu wa miaka hamsini, sitini, sabini, wanapigiwa hodi na afisa anawaambia wazazi uliowazika sio waliokuzaa. Mtu akiulizwa na dokta kuhusu magonjwa ya ukoo, miaka yote anajibu kuhusu ukoo ambao sio wake.

Marekani mjini Memphis alikuwepo mwanamke anaitwa Georgia Tann, kuanzia 1924 hadi 1950 aliendesha tawi la Tennessee Children's Home Society. Huyu ndo aliyeonyesha hela ilivyo. Watu waliochukua mtoto palepale Tennessee walilipa ada ya dola 7, ila wa New York na California walifika kulipa mpaka dola 5,000, kwahiyo we mwenyewe unaona mtoto alikuwa anaelekea wapi. Alikuwa na hakimu wa mahakama ya watoto, Camille Kelley, aliyekuwa anawanyang'anya maskini watoto wao kwa amri. Mama mwingine alisainishwa bado ana dawa ya usingizi, mwingine akaambiwa mtoto kafa. Inakadiriwa watoto 5,000 walipita mikononi mwake, na mamia walikufa kwenye uangalizi wake. Alikufa kwa kansa Septemba 1950, siku chache tu baada ya gavana kutangaza uchunguzi, hakuwahi kusimama kizimbani. Na kilichobaki baada yake ni karatasi tena, vyeti vipya vyenye majina mapya na mafaili ya zamani yakafungwa kisheria, wale watoto wakaja kuruhusiwa kuyafungua miaka ya 1990, wengi mama zao wameshakufa.

Hispania kesi iliyofika mahakamani ni ya dokta Eduardo Vela wa kliniki ya San Ramón, Madrid. Inés Madrigal, aliyezaliwa 1969, alimshtaki kwamba alimwandika kama mtoto wa mwanamke ambaye hakumzaa. Oktoba 2018 mahakama ikasema ndiyo, alifanya, ila muda wa kumshtaki umepita. Halafu mwaka uliofuata DNA ikamkutanisha na ndugu zake, na ikajulikana kwamba mama yake alimtoa kwa hiari. Kuna watu walichukulia kwamba basi mwanamke alikuwa anasingizia. Mi naona kinyume chake kabisa. Hakuibwa mikononi, sawa, ila aliibiwa jibu, na ilimchukua zaidi ya nusu ya maisha kulipata kitu ambacho kingekaa kwenye mstari mmoja wa karatasi. Hata mtoto aliyetolewa kwa moyo mweupe, karatasi ikidanganya, naye kaibiwa.

Korea Kusini wao waliwaandika watoto kama yatima wakati wazazi wapo hai, kwa sababu yatima anasafiri haraka, hakuna wa kuombwa ridhaa. Watoto zaidi ya 140,000 walipelekwa nje kati ya 1955 na 1999, na Machi 2025 tume ya ukweli ya hukohuko ikakiri kwamba nyaraka zilighushiwa na serikali ilifumba macho.

Sasa turudi huku, maana najua kuna anayesoma anasema hayo ni ya wazungu na wakorea. Kwetu mtoto hajawahi kuwa wa mtu mmoja. Kuna watu wazima humu mjini walikua wanamwita mama yao dada, kwa sababu bibi alimchukua mtoto wa binti yake akamlea kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama wa kwake, na hilo mi silifananishi na Tuam hata kidogo, mtoto alibaki kwenye ukoo, migomba ni ileile, jina la babu kapewa, na siku ya msiba lazima mzee mmoja aliropoke. Ila hilihili jambo jema, la mtoto kulelewa na mwingine, ndo mlango wanaoingilia wajanja.

Uganda ni mfano wa jirani. Agosti 2020 wizara ya fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja kwa mpango wa kuwatoa watoto vijijini na kuwapeleka Marekani. Wazazi waliambiwa mtoto anaenda kusomeshwa. Hebu fikiria hapo kama mtu wa Arusha au Moshi, ambako neno mfadhili kila mtu analijua, ambako familia nyingi zina mtoto anayelipiwa ada na mzungu aliyepanda mlima mara moja akarudi kwao. Mzazi anaambiwa kuna mfadhili kapatikana, weka dole gumba hapa, karatasi ya Kiingereza. Kichwani mwake mtoto kaenda shule na atarudi likizo. Kwenye karatasi hana mtoto tena. Kwa lugha yetu hakuna hata neno la zamani la mtu kukatwa moja kwa moja na mzazi wake kwa mhuri, kuasili ni neno la ofisini, sasa mtu akubali vipi kitu ambacho kwa lugha yake hakipo? Ethiopia waliona bora wafunge kabisa, Januari 2018 wakapiga marufuku watu wa nje kuasili watoto wao.

Kwetu haijafungwa, ila njia imewekewa vituo makusudi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mambo yaanzie kwa afisa ustawi wa jamii, anakuja mpaka nyumbani, anaangalia unalala wapi, anaongea na jirani, anaandika ripoti, mtoto anakaa kwako kwanza kwa malezi ya kambo chini ya uangalizi, ndo baadaye mahakama inatoa amri. Mgeni kutoka nje lazima awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo na amelea huyo mtoto angalau miezi mitatu kabla ya kuasili. Ridhaa ya mzazi inatakiwa. Hela ya kumlipa mtu kwa ajili ya mtoto hairuhusiwi. Watu wanalalamika kwamba ni mzunguko, na ni kweli ni mzunguko, nawaona wanavyokuja kwangu mara ya tano kutoa kopi za vitu vilevile, nawahurumia. Lakini ukishasoma habari za Memphis unaelewa kila kituo kimewekwa pale kwa sababu kuna mahali hakikuwepo. Na mwisho wa mzunguko kinatolewa kitu ambacho yule mama wa Kibosho alikuwa hajui kama kipo, kuasili kunaandikwa kwenye daftari lake, wewe unakuwa mzazi kamili kisheria, na habari ya alikotoka mtoto inabaki imeandikwa mahali.

Kitu kingine ambacho sitaki kukiruka ni aibu, kwa sababu zile nyumba zisingejaa bila aibu. Hapa kwetu mpaka Novemba 2021 binti aliyezaa alikuwa harudi shule ya serikali, tangu hapo ameruhusiwa. Binti akijua anaweza kurudi darasani, na mama yake hatamfukuza, yule mtu anayekuja na maneno ya tutakusaidia kukusitiri anakosa pa kuanzia. Mimi nina binti wa miaka 15 na nimeshamwambia, likitokea lolote urudi hapahapa nyumbani, mimi sina shangazi wa kukupeleka.

Kama una mtoto, yale makaratasi yake usiyadharau. Kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, piga picha kwenye simu, toa kopi, mpe na mtu mwingine akutunzie. Ukiambiwa mtoto kafariki unayo haki ya kumuona na kudai taarifa yake kwa maandishi, na usisaini karatasi ambayo hujasomewa kwa Kiswahili mpaka ukaelewa, hata kama anayekupa amevaa koti jeupe au msalaba.

Yule mama alirudi baada ya miezi kama mitano. Alikuja na mdogo wake, msichana mwembamba, sketi ya shule, amembeba mtoto yeye mwenyewe sasa. Walikuwa na barua ya Ustawi, wanataka kopi tatu tatu. Mkubwa hakunitazama usoni mwanzoni, akaongea na mashine. Cheti tukakijaza, pale kwenye jina la mama nikaandika la yule binti huku anasoma herufi moja moja kwenye skrini kuhakikisha sijakosea. Halafu mkubwa akatoa ile kadi ya kliniki, pembe zimeanza kuchanika, akaniambia dada nifanyie laminesheni hii isiharibike. Nikamwambia hapana mama, bado wanaandika uzito wa mtoto humo, ukifunga hawataweza. Nikatafuta kava ya nailoni inayofunguka upande mmoja, nikaiingiza humo.